Maua ya Kuumiza Kichwa

Taaka wa Dabani alikuwa na ulimi ambao hata yeye mwenyewe aliuogopa. Si ulimi wa matusi, la. Ulikuwa ulimi wa mzaha, na mzaha wa Taaka ulikuwa kama mchanga ndani ya ugali: mwenye meno mazuri alicheka akatema, mwenye jino bovu alilia. Marehemu mume wake, Odwori, alikuwa na meno mazuri. Nanjala, mke wa kwanza wa mwanawe Egesa, hakuwa nayo. Siku Nanjala alipovunja mtungi wa maji, Taaka alisema tu kwamba mtungi una bahati, umetoka katika nyumba hii bila kuomba ruhusa. Asubuhi yake Nanjala naye akatoka bila kuomba ruhusa, kabla hata hawajafika kanisani, na alipoonekana tena alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya, na fundi cherehani mwenye mama bubu.

Huyo mama bubu, watu walisema, ndiye aliyemvutia zaidi.

Basi mwaka 1964 Egesa, aliyekuwa akibeba mizigo katika stesheni ya Tororo, alipompata msichana mwingine, Abbo wa Kirewa, habari za ulimi zilikuwa zimeshatangulia. Siku ya kuzungumza mahari, mama yake Abbo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya pole kama ya mtu anayebembeleza kuku wa kutaga, alimtazama Taaka akasema, "Mama, sisi hatuna maneno mingi. Tumesikia tu kwamba kwako vitu havikai."

Ulimi wa Taaka ulipanda mpaka nyuma ya meno. Akaumeza. Badala yake akajisikia akisema jambo ambalo hakuwa amelipanga: "Ndoa ni Desemba. Siku hiyo altare ya Dabani itapambwa kwa maua niliyootesha mimi, kwa mkono huu. Mkija mkikuta majani makavu, mtajua ninavyotunza, na mtoto wenu mrudi naye."

Wanaume walikohoa. Mama yake Abbo alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Tutaangalia maua."

Njiani Egesa alisukuma baiskeli mpaka mtoni, kisha akauliza, "Mama, maua gani?"

"Hilo ndilo ninalokuuliza."

"Hujaniuliza."

"Sasa ndiyo nakuuliza."

Kwa maana Taaka hakuwahi kupanda ua maishani mwake. Alijua mihogo, wimbi, karanga na kila kitu kinachoingia mdomoni. Tena Desemba ya Dabani, mvua inakuwa imefunga mizigo, jua linakaa juu ya paa kama mgeni asiyejua kuaga, na maua ya kanisani hulegea midomo wazi kabla padri hajafika Injili.

Egesa akampeleka Tororo kwa Mzee Imalingat, mtu wa kabila la Wateso, aliyetunza bustani ya stesheni tangu enzi za Wazungu. Alikuwa mrefu, kofia ya reli kichwani, na alizungumza na mimea kwa sauti ile ile aliyozungumza nayo na abiria.

"Nataka maua ya Desemba," Taaka alisema. "Yasiyoogopa jua."

Imalingat alimtembeza mpaka nyuma ya tangi la maji, akaonyesha vichaka vifupi vyenye majani yaliyokatika-katika pembeni, yenye harufu kali kama dawa. "Hii," alisema. "Hii maua iko ngumu, mama. Ng'ombe nakanyaga, inarudi. Jua nachoma, inarudi. Ukikata yote mpaka chini, mizizi nakaa, mwaka mwingine inarudi tena. Jina yake krisantemamu."

"Krisanti wa mamu gani?"

"Krisantemamu."

"Krisanti inatosha," Taaka alisema. "Huyo mamu tutamkuta mbele."

Mzee akang'oa vichipukizi kumi na viwili pembeni mwa mashina, kila kimoja na mizizi yake, akavifunga katika gunia lenye maji. Kisha akainua kidole. "Sasa sikia. Ukiacha tu, hii natoa maua mwezi ya saba, na Desemba nakuta imechoka. Wewe nataka Desemba. Basi umiza kichwa. Umiza kichwa mpaka mwezi ya kumi inaanza, halafu wacha kabisa."

Taaka alimwona mzee huyu ni mtu wa hekima. Kuumiza kichwa ni kazi aliyoijua. Mjane gani haumizi kichwa?

Akarudi na gunia lake, akapanda miche kumi nyuma ya jiko, mahali ambapo maji ya kuoshea vyombo hupita, katikati ya matuta ya mboga. Miwili alimpa jirani yake Norah, kwa sababu Norah alikuwa ameshaona gunia na angekufa kwa udadisi, na Taaka hakutaka msiba wakati wa kulima. Hakumwambia yeyote nyumbani maua yale ni ya nini. Abbo alikuwa ameshahamia tangu mahari ilipokubaliwa, na zawadi haitangazwi kwa mwenyewe.

Na kichwa akaumiza. Kila asubuhi alitoa kigoda, akaketi mbele ya Krisanti zake, akakunja uso. Aliwaza: je, zikifa? Je, mbuzi? Je, mvua ya mawe? Alipoona ameumiza vya kutosha, alitia samadi ya kuku, akang'oa magugu kwa vidole, akaenda shambani. Norah, aliyemsikia kupitia uzio akisema, "Krisanti wangu umelala vizuri leo," alipeleka habari kwa katekista kwamba Mama Egesa ameweka mwanamume uzeeni. Katekista alikuja na rozari. Taaka alimpeleka nyuma ya jiko, akamtambulisha kwa wote kumi.

Sasa tumtazame Abbo.

Abbo alikuwa msichana wa kazi, mwenye vidole vyepesi, na mwoga kama mgeni yeyote. Kisamia, lugha ya Dabani, hakukijua, Taaka naye hakujua Kidhopadhola cha Kirewa zaidi ya salamu, kwa hiyo nyumba ile iliendeshwa kwa Kiswahili cha sokoni Busia, ambacho kinatosha kununua ng'ombe lakini hakitoshi kumwuliza mama mkwe jambo dogo. Na bibi arusi mpya haulizi. Akiuliza "hii ni nini?" watasema kwao hawakumfunza. Anatazama, anajua mwenyewe.

Abbo akatazama. Akaona tuta moja nyuma ya jiko ambalo mama mkwe analikalia kila asubuhi, analitia samadi, analisemesha. Sukuma na kunde hazisemeshwi. Akafahamu, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefahamu, kwamba ile ndiyo mboga anayoipenda mama kuliko zote.

Akachuma.

Alichuma vizuri, kama mama yake alivyomfunza kuchuma mboga za majani: ncha tu, kwa ukucha wa kidole gumba, ili shina litoe matawi. Akachemsha, akamwaga maji, akachemsha tena kwa chumvi ya majivu, akatia maziwa, akatia karanga za kusaga. Jioni akapiga magoti, akaweka sufuria mbele ya mama mkwe.

Taaka akamega ugali, akachovya, akatia mdomoni. Macho yakamtoka machozi mawili, moja kila upande. Alikuwa amekula mnavu, amekula majani machungu ya saga, amemeza kwinini wakati wa homa. Hii ilikuwa imewaoa wote watatu. Akasema moyoni, kumbe Kirewa ndivyo wanavyokula. Maskini watu hawa.

"Mboga iko tamu, mama?" Abbo aliuliza, macho chini.

Ulimi ulikuwa na majibu manne, yote mazuri. Taaka akayameza pamoja na tonge. "Iko tamu, mwanangu. Hii ni mboga kweli."

Abbo, ambaye alikuwa ameionja jikoni na kutema kwenye majivu, alisema moyoni, kumbe Wasamia ndivyo wanavyopenda. Naye akala, kwa heshima.

Tangu siku hiyo, mara tatu kwa wiki, wanawake wawili walikaa wakatazamana juu ya sufuria, kila mmoja akimezea mwenzake uchungu na kumsifia. Egesa pekee ndiye ambaye hakujua lolote, kwa sababu alikuwa Tororo, akila maharage ya reli.

Mwezi wa tano Taaka aliona jambo la ajabu. Krisanti zake hazikuwa na vichwa. Asubuhi aliacha ncha changa, kesho yake zimekatwa, safi kabisa, kama kwa wembe. Akatafuta kiwavi, hakuna. Akatafuta konokono, hakuna. Akamshuku mbuzi, lakini mbuzi hula na shina na kamba yake. Akamshuku Norah.

Akazungusha miiba. Ncha zikakatwa. Akamwaga majivu. Zikakatwa. Aliumiza kichwa mpaka akaanza kufunga kitambaa. Na jioni, akiwa amechoka kwa kumsaka mwizi, aliketi na kula ushahidi wote mpaka sufuria ikang'aa.

Mwezi wa saba Norah alikuja na kopo. Ndani yake mlikuwa na maua mawili marefu, ya manjano, makubwa kama sahani ya chai, yamesimama juu ya mashina yao kama polisi wa kizuizi cha barabarani.

"Nimekuletea salamu, Mama Egesa. Ndugu wa Krisanti wako. Wako bado wananyonya?"

"Wangu wanasoma," Taaka alisema. "Watatoka na cheti."

Norah alicheka mpaka akashika mlango. Lakini Taaka, alipobaki peke yake, alikwenda akaangalia vichaka vyake. Vilikuwa vimefura chini kama kuku walioatamia, matawi juu ya matawi, na hata kitumba kimoja hakuna. Akilini akamwona mama yake Abbo amesimama mbele ya altare tupu, akisema kwa sauti yake ya pole, "Mtoto, chukua kanga zako."

Asubuhi moja ya mwezi wa tisa aliamka kabla ya jogoo, akajibanza nyuma ya ghala la wimbi na fimbo mkononi, kumngoja Norah. Umande ulimlowesha miguu. Kulipopambazuka akasikia mtu anaimba polepole. Mlango wa jiko ukafunguliwa, akatoka Abbo na kikapu. Akaenda moja kwa moja kwenye Krisanti. Akainama. Ukucha wa kidole gumba ukafanya kazi: tap, tap, tap.

Taaka alitazama kikapu kikijaa. Kisha akahesabu nyuma, sufuria kwa sufuria, mpaka mwezi wa nne.

Jamani, ulimi. Ulisimama wima. Ulikuwa na maneno ambayo yangevuka mto Malaba na kufika Kirewa kabla ya chai. Angesema, "Mwanangu, kama ni njaa ungesema, tungekuchinjia hata kigoda." Angesema, "Umeila arusi yako mwenyewe na karanga." Yalikuwa mazuri hivyo, na hakuna aliyekuwepo kuyasikia isipokuwa msichana mmoja aliyeinama, mwenye shingo nyembamba, anayechagua ncha laini zaidi kwa sababu mama mkwe wake hana magego mawili.

Akaiona ile shingo. Akajua kwamba msichana akiambiwa alichomlisha mama mkwe miezi sita, hatatukanwa na mtu. Atajitukana mwenyewe, na hatafika jioni hapo. Taaka akaweka fimbo chini bila sauti, akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi kitandani, akajifunika, akakohoa kama mtu anayeamka.

Jioni sufuria ikaja. Sasa alijua anachokula. Kila tonge lilikuwa kichwa cha ua. Alikula pole pole mpaka mwisho.

"Ongeza," alisema.

Tangu hapo alijaribu ujanja. "Mwanangu, ile mboga tuipumzishe, imechoka."

"Hapana, mama," Abbo alisema kwa upole. "Wewe unapenda. Mimi nitachuma kidogo-kidogo."

Aliyeokoa ni padri. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi alitangaza kwamba mabibi arusi wote wa Desemba warudi kwao, wakae na wazazi na kusoma mafundisho, ndipo waje kanisani wakitokea mlango wa baba zao. Abbo akafunga nguo. Pale mlangoni akapiga magoti. "Mama, mboga sasa utachuma mwenyewe."

"Nitajitahidi," Taaka alisema.

Abbo alipotoweka njiani, Taaka alipanda basi la Tororo, moyo mzito, kwenda kuomba maua mengine yoyote, hata ya karatasi. Imalingat alikuwa akimwagilia nyuma ya tangi. Krisanti zake nazo hazikuwa na ua hata moja, na mzee hakuonekana kujali.

"Mama. Umeumiza kichwa?"

"Mzee, nimeumiza mpaka nimevaa kitambaa."

"Mara ngapi?"

"Kila siku."

Mzee aliweka ndoo chini. "Kila siku? Sisi ya reli naumiza mara tatu, mara nne. Onyesha vile unafanya."

Taaka akakunja uso, akashika paji, akaonyesha anavyofanya. Imalingat alimtazama kama anavyomtazama abiria aliyepanda treni ya Kampala akitaka kwenda Nairobi. Kisha akainama, akashika kichaka, na kwa ukucha wa kidole gumba akakata ncha moja. "Kichwa ya maua, mama. Hii. Unaumiza hii, inatoa mbili. Unaumiza mbili, inatoa nne. Ua nachelewa, nakuwa mingi. Wewe uliumiza yako?"

Taaka aliketi juu ya ndoo nyingine iliyogeuzwa. Akauliza, taratibu, "Na kama mtu mwingine aliumiza ya maua? Mara tatu kwa wiki? Mpaka juzi?"

"Na sasa amewacha?"

"Amekwenda kwao."

"Mtu gani huyo?"

"Mkwe wangu."

"Huyo mkwe ni fundi," alisema Imalingat. "Nenda nyumbani, mama. Usiguse kitu. Na usitie samadi tena, maua nalewa."

Hakugusa kitu. Wiki mbili zikapita, tatu. Na siku moja, kila ncha ilikuwa na kitumba kama punje ya mtama. Norah alikuja kuchungulia, akahesabu kichaka kimoja mpaka tisini, akaacha. Mvua zikaisha. Majani ya mihogo yakalegea. Krisanti zikafunguka wiki ile ile ya ndoa, si kubwa kama za Norah, ndogo kama vifungo vya koti, lakini kwa mamia, za manjano na za rangi ya kutu, hata jiko likaonekana kama limevaa.

Jumamosi Taaka aliyapanga maua yake kwenye altare kwa ndoo nne, akaketi benchi la mbele, mikono mapajani. Watu wa Kirewa wakaingia. Mama yake Abbo aliyatazama maua kutoka mlangoni mpaka alipofika mbele. Nyuma yake Abbo, katika gauni jeupe, alitembea vizuri mpaka hatua kumi kutoka altare. Hapo akasimama. Alikuwa hatazami maua. Alikuwa anatazama majani.

Vidole vyake viliyajua majani yale kuliko rozari. Akageuza kichwa kidogo kwa Taaka, uso umepauka. Taaka akatazama paa la kanisa kwa makini, kama mtu anayetafuta mahali panapovuja. Egesa akatoa mkono, na Abbo akaushika kwa sababu ulikuwa karibu.

Baada ya misa, chini ya turubai, mama yake Abbo alileta chungu kilichofungwa kwa jani la mgomba, akakiweka miguuni mwa Taaka. "Karanga za kusaga," alisema. "Mtoto aliniambia hapa kuna mboga moja unaipenda kuliko nyama. Nimekuja nikitaka kuionja."

 Abbo, pembeni, alikuwa ameinamisha kichwa mpaka shela likagusa sahani.

"Mama mwenzangu," Taaka alisema, "leo huwezi kuionja. Leo imevaa. Umeiona kule mbele, ndoo nne."

Mama yake Abbo alitazama kanisa, akatazama chungu. "Yale maua?"

"Yale yale. Nilikuahidi ya mkono wangu, nikakudanganya. Ni ya mkono wake. Mzee wa bustani ya stesheni ameniambia, asingeyachuma yangetoka mwezi wa saba yakafa. Yeye ameyalea. Mimi nimekula tu."

"Umekula miezi mingapi?"

"Sita."

"Na haikuwa chungu?"

Taaka akamwangalia Abbo. Shela lilikuwa linatetemeka, na hakujua bado kama ni kilio au ni nini. "Mama," alisema, "ilikuwa chungu mpaka kivuli changu kilikunja uso."

Shela likainuka. Abbo alikuwa anacheka, machozi yakimteremka, mkono mdomoni. "Na mimi, mama," alisema, "na mimi sikupenda hata siku moja."

"Sasa mbona ulikula?"

"Wewe ulikula. Sasa wewe mbona ulikula?"

"Wewe ulipika."

Mama yake Abbo alisema jambo refu kwa Kidhopadhola, na shangazi zake wote wakapiga makofi ya kucheka. Taaka akaomba aambiwe. Abbo akapangusa macho. "Amesema, mtu aliyekula haya yote hawezi kunila mimi. Amesema wanakwenda, mimi nabaki."

Kisha mama mfupi yule akafungua chungu mwenyewe, akaagiza waletewe kunde za kuchanganya na karanga zile.

Jumatatu asubuhi Abbo alitoka na kikapu, Taaka nyuma yake na kigoda. Msichana alisimama katikati ya matuta, akapumua kama mtu anayeingia mtoni.

"Mama, hii ni nini?"

"Hiyo ni saga. Inaliwa."

"Na hii?"

"Mnavu. Unaliwa."

"Hii najua," alisema akizipita Krisanti. "Na ile, pale kwa mti?"

Taaka alitazama. Kando ya mti kulikuwa na kichaka cha majani mapana, alichokipalilia kila mwaka kwa miaka thelathini.

"Ile sijui," alisema. "Niliikuta nilipoolewa."

"Hukuuliza?"

"Ningemwuliza nani? Nilikuwa bibi arusi."

Wakaitazama wote wawili. Abbo akaenda, akavunja jani, akanusa, akamletea naye anuse. Lilinukia vizuri.

"Tunapika?"

"Ngoja," Taaka alisema, akajiinua kutoka kwenye kigoda. "Twende kwa Norah, tukaulize kwanza."